Imara kuliko nini? Kukokotoa vizimba vya titani na kaboni

Mwaka 1992, maabara ya A. Welford Castleman katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilipiga leza kwenye fimbo ya titani huku ikipitisha heli iliyochanganywa na gesi kama methani na asetilini. Kwenye mashine ya kupima tungamo za ioni, kilele kimoja kiliwazidi wenzake: 528. Titani nane zenye 48 kila moja ni 384, kaboni kumi na mbili zenye 12 kila moja ni 144. Jumla 528, yaani Ti₈C₁₂. Ilipokutanishwa na amonia, ilibeba molekuli nane na kuishia hapo, moja kwa kila titani. Watafiti wakapendekeza kizimba cha nyuso 12 za pembetano, vipeo 20, kingo 30, kila titani ikiwa sawa na mwenzake. Kundi hili likaitwa Met-Cars, kifupi cha metallo-carbohedrenes, yaani vizimba vya metali na kaboni, na muda si mrefu vanadi, zirkoni na hafni zikaingia.

Umbo lile lilikuwa zuri mno, na mahesabu yakalipindua. Ian Dance wa Australia alionyesha kwamba jozi za kaboni zikizungushwa kidogo kwenye nyuso zake, nishati inashuka kwa eV (elektronivolti, kipimo cha nishati) kadhaa, na baadaye akaonyesha kwamba safari ya kutoka umbo la kwanza kwenda la pili haina hata kilima cha kupanda. Kipimo cha amonia hakikuweza kuligundua hilo, maana maumbo yote mawili yana titani nane zinazofikika kutoka nje.

Nalitaja hili mwanzo kwa sababu wanafunzi wengi wa kemia hapa Tanga wanaoanza kutumia kompyuta huuliza, "Je, molekuli hii ni imara?" Swali hilo halijakamilika. Imara kuliko umbo lipi lingine? Kuliko vipande vipi? Kwa spini ipi, yaani elektroni ngapi hazina jozi, na kwa joto gani? Kompyuta hujibu kile tu ilichoulizwa, na jibu la swali nusu lina desimali nyingi vilevile.

Tuanze kwa kujenga umbo la kwanza kwa mkono, linaloitwa Th kwa jina la ulinganifu wake. Weka titani nane kwenye pembe za mchemraba, (±1.5, ±1.5, ±1.5) kwa angstromu (sehemu ya bilioni kumi ya mita). Juu ya kila uso wa mchemraba weka jozi moja ya kaboni, katikati yake ikiwa umbali wa 2.55 kutoka kitovu. Kwenye nyuso za z jozi ilale kufuata x, kwa hiyo kaboni ziko (±0.70, 0, ±2.55). Kwenye nyuso za x ilale kufuata y, na kwenye nyuso za y ifuate z. Ukikosea mzunguko huu, kwa mfano ukalaza jozi mbili za nyuso jirani sambamba, hutapata pembetano, na programu haitakwambia. Hakiki kwa kupima: kila titani iguse kaboni tatu kwa umbali wa 2.00 hivi, na kaboni kwa kaboni iwe 1.40. Titani zote ziko 2.60 kutoka kitovu na kaboni zote 2.64, kwa hiyo ni kama tufe. Vifungo vya kaboni na kaboni ni 6, vya titani na kaboni 24, jumla 30, sawa na kingo zako.

Sasa umbo la pili, Td. Zungusha kila jozi kwa nyuzi 45 ili ilale kwenye ulalo wa uso wake. Chagua titani nne, moja kila baada ya pembe moja, mfano (1.5, 1.5, 1.5), (−1.5, −1.5, 1.5), (−1.5, 1.5, −1.5) na (1.5, −1.5, −1.5), kila jozi ielekeze ncha zake kwa titani mbili za kundi hili zilizoko kwenye uso wake. Usianzishe hesabu hapo hapo. Umbali wa ncha ya kaboni hadi titani hizo utakuwa 1.77 tu, mfupi mno, na hatua ya kwanza ya kulegeza umbo, yaani kusogeza atomu hadi nishati ifike chini, itarusha atomu. Sogeza titani hizo nne nje hadi 1.9 kwenye kila mhimili, na zile nne nyingine zivute ndani hadi 1.2. Sasa una piramidi moja ya pembetatu ndani na nyingine nje. Titani za nje zinagusa kaboni tatu kila moja, za ndani sita. Mguso wa titani na kaboni umetoka 24 hadi 36, na hapo ndipo nishati inaposhukia.

Kila uso una milalo miwili, kwa hiyo jozi sita zinaweza kupangwa kwa njia 2⁶ = 64. Ulinganifu unapunguza idadi hiyo sana, lakini usiishie kwenye Th na Td. Jenga na ile ya kati, ambamo jozi moja au mbili zimelala kinyume na wenzake. Tofauti kati ya hizi ni ndogo kuliko tofauti ya Th na Td, na ndizo zinazogombania nafasi ya kwanza.

Jozi yenyewe ya kaboni si ngeni mjini. Mawe ya kabaidi ambayo mafundi wa kuchomelea huyatia maji wapate asetilini ni kalsiamu na jozi hizo hizo. Katika kabaidi ya kalsiamu, kaboni mbili ziko umbali wa 1.20 hivi, sawa na asetilini. Ndani ya Ti₈C₁₂ jozi hurefuka kwa sababu titani husukuma elektroni kwenye obitali zinazolegeza kifungo cha kaboni, tegemea 1.3 hadi 1.4. Ukiona 1.20 mwishoni mwa hesabu, titani hazijaishika jozi hiyo. Ukiona 1.5 au zaidi, jozi inavunjika na umbo lako linaelekea kwenye kabaidi ya kawaida. (Titani nayo ni ya huku huku: mchanga mzito mweusi wa pwani yetu una ilmenaiti, oksidi ya chuma na titani.)

Baada ya maumbo ya mkono, tafuta yale usiyoyafikiria. Tupa atomu 20 ovyo ndani ya tufe la nusu kipenyo cha angstromu 3.5, kataa mpangilio wowote wenye kaboni mbili zilizokaribiana chini ya 1.1, titani na kaboni chini ya 1.7, au titani mbili chini ya 2.2, kisha legeza zilizobaki kwa xTB, programu ya makadirio ya haraka. Mia chache zinatosha kuanzia. Kwa metali za aina hii xTB ni chujio tu. Mpangilio wake wa nishati usiuamini, na usitupe kitu kwa sababu xTB imekiweka nafasi ya tano. Beba ishirini au thelathini bora, zilizo tofauti kweli kwa umbo, uzipeleke kwenye hesabu ya msongamano wa elektroni, yaani DFT. Ongeza kwa makusudi kipande chenye mpangilio wa fuwele ya chumvi, titani na kaboni zikipishana kama kwenye kabaidi ya titani. Huyo ndiye mshindani halisi: katika vipimo vya leza, Ti₁₄C₁₃, ambacho ni mchemraba wa atomu tatu kwa tatu kwa tatu, hujitokeza pia. Kizimba na kipande cha fuwele vinagombana, na idadi ya atomu ndiyo inayoamua nani anashinda.

Kuhusu mashine. Kompyuta ya mezani yenye viini sita na RAM ya GB 16 inaimudu kazi hii. ORCA, programu ya kufanya DFT, hupatikana bure kwa matumizi ya kitaaluma; xTB na Avogadro (ya kujenga na kutazama molekuli) ni za wote. Faili la kuanzia liwe hivi:

! UKS PBE D3BJ def2-SVP def2/J TightSCF SlowConv Opt
%pal nprocs 6 end
%maxcore 2000
* xyzfile 0 3 td.xyz

PBE ni fankshonali, yaani kanuni ya kukadiria nishati; def2-SVP ni seti ya msingi, yaani vipande vya kujengea obitali; 0 ni chaji na 3 ni uzidishi wa spini. Ile 2000 ni MB kwa kila kiini, si kwa mashine nzima. Viini 6 ni GB 12, na mfumo unabakiwa na 4. Anayeandika 12000 pale huona mashine ikiganda, kisha anailaumu programu. Ukitumia viini vingi, ita ORCA kwa njia yake kamili kuanzia mzizi wa diski. Ukiiita kwa jina tupu itakataa. Toleo la OpenMPI nalo liwe lile lile ambalo ORCA yako ilitengenezewa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usianze upya. Faili la gbw lina obitali za mwisho na faili la xyz lina umbo la mwisho. Libadilishe jina gbw liwe kale.gbw, ongeza MOREAD kwenye mstari wa kwanza na %moinp "kale.gbw" chini yake, uanzie umbo la mwisho. Jina lisipobadilishwa, kazi mpya inagongana na faili lile lile inalotaka kulisoma. UPS ndogo ni ya kukupa dakika za kuzima kwa amani. Usitegemee ikuendeshee hesabu. Na kwa joto letu la Januari na Februari, wakati wa kaskazi, tazama joto la prosesa kwa amri ya sensors. Prosesa iliyochemka hujipunguza kasi kimyakimya, na kazi ya usiku mmoja inakuwa ya siku mbili. Hewa ya bahari hula feni na viunganishi, hasa nyumba za Raskazone na kando ya ghuba. Fungua kasha, toa vumbi, kausha, na usiweke mashine mkabala na dirisha la upepo wa bahari.

Sehemu inayoharibu kazi nyingi ni spini. Ti₈C₁₂ ina elektroni 8 × 22 + 12 × 6 = 248, namba shufwa. Kwa hiyo jaribu uzidishi wa spini (elektroni zisizo na jozi, jumlisha moja) 1, 3, 5 na 7, kila mmoja kwa kila umbo. Ioni yake ya chanya moja ina 247, basi 2, 4 na 6. Usihamishe jibu la umbo moja kwenda lingine. Td inaweza kupenda spini moja na umbo la jirani yake likapenda nyingine, na ukizilinganisha zote kwa spini 1 utakuwa unapima upendeleo wako.

Kila hesabu ikiisha, tafuta thamani ya S², kipimo cha usafi wa spini, kwenye matokeo. Kwa uzidishi wa 1 inatakiwa kuwa 0, kwa 3 iwe 2.00, kwa 5 iwe 6.00. Ukipata 2.9 pale palipotakiwa 2.00, hali unayoitazama ni mchanganyiko, na nishati yake usiiweke kwenye jedwali pamoja na zilizo safi bila alama. Hali ya 1 ina mtego wake: programu inaweza kukupa jibu ambamo elektroni zote zimefungwa jozi, ilhali kuna jingine la chini zaidi ambamo spini za titani za ndani zinapingana na za nje. Ili kulifikia, anza na uzidishi mkubwa, geuza spini za titani nne, kisha acha ishuke.

SCF (mizunguko ya kutafuta obitali) ikigoma kutulia, na kwa titani hugoma, fuata mpangilio huu. SlowConv kwanza. Kisha anza na def2-SVP hata kama lengo ni def2-TZVP, seti kubwa zaidi, uzipeleke obitali kwa MOREAD. Kisha anza na ioni, ambayo mara nyingi hutulia upesi, na obitali zake ziwe mbegu ya kishada (kizimba chenyewe) kisicho na chaji. Kueneza elektroni kwa joto bandia la maelfu ya Kelvin ni hatua ya mwisho, na ukiitumia, rudia bila joto hilo kabla ya kuandika nishati yoyote. Idadi ya mizunguko kuiongeza kutoka 125 hadi 1,000 peke yake haisaidii: hesabu inayoyumba kati ya hali mbili itayumba mara elfu.

Kosa la ulinganifu nalo lina madhara makubwa. Ukijenga Th kamili na kulegeza umbo, nguvu zinazovuta pembeni zinafutana na umbo linabaki Th milele. Hesabu inasema imefika, na kwa kweli imefika juu ya mgongo wa tandiko. Tikisa kila atomu ovyo kwa 0.05 ya angstromu kabla ya kuanza. Halafu fanya hesabu ya mitetemo. Atomu 20 zina mitetemo 54, na yote iwe na masafa chanya. Yakiwepo masafa hasi makubwa, mfano −200 cm⁻¹, sukuma atomu kufuata mtetemo huo na ulegeze tena. Masafa hasi madogo ya −10 au −20 huenda ni kelele ya gridi, yaani nukta ambazo hesabu hupimiwa. Ongeza gridi na ukaze kikomo cha kulegeza, usiyafumbie macho moja kwa moja. Pia Td kamili inaweza kuwa na obitali za juu zilizojaa nusu kati ya ndugu walio sawa kwa nishati. Hapo molekuli hujipinda kidogo yenyewe ili kuwatenganisha. Ukiilazimisha kubaki Td, unaipandisha nishati bure.

Sasa kulinganisha. Nishati kamili ya Ti₈C₁₂ ni karibu Hartree −7,250, na Hartree moja ni eV 27.2114. Tofauti ya eV 0.1 kati ya maumbo mawili ni Hartree 0.0037, iko kwenye desimali ya tatu ya namba kubwa. Ndiyo maana maumbo yote lazima yapite njia moja: fankshonali moja, seti ya msingi moja, gridi moja, toleo moja la programu. Jedwali lenye umbo moja la SVP na jingine la TZVP halina maana yoyote.

Je, 0.1 eV ni kitu? Inategemea joto. Kwa Kelvin 300, umbo lililo juu kwa 0.1 eV linapata nafasi moja dhidi ya 48 za umbo la chini. Kwa Kelvin 1,500 linapata kama 46 dhidi ya 100. Moshi wa leza ni wa moto sana mwanzoni, kwa hiyo katika tofauti ndogo kama hizo tegemea mchanganyiko, na ukumbuke kwamba makosa ya DFT kwa titani yanaweza kuzidi 0.1 hiyo. Rudia maumbo matano bora kwa fankshonali nyingine, TPSS na B3LYP. B3LYP hupenda spini kubwa kuliko PBE. Zikikubaliana juu ya mpangilio, una hoja. Zikipingana, andika kwamba maumbo hayo yanagombania nafasi moja, wala usichague fankshonali inayokupendeza.

Kuhusu kuvunjika, watu wengi hukokotoa nishati ya kutenganisha kizimba chote kuwa atomu huru. Namba hiyo ni kubwa, inapendeza, na inafundisha kidogo. Atomu huru ya titani na ya kaboni zote zina uzidishi wa 3. Ukizikokotoa kwa 1, kizimba chako kitaonekana imara kwa eV nyingi zisizokuwepo. Bora ukokotoe kupotea kwa kipande kimoja: Ti₈C₁₂ kwenda Ti₇C₁₂ na Ti, kisha kwenda Ti₈C₁₀ na C₂. Leza zilipotumika kuvunja ioni hizi, atomu za titani ndizo zilizochomoka, kwa hiyo una kitu halisi cha kujipima nacho. Ti₇C₁₂ nayo itafutiwe spini yake na ilegezwe upya, vinginevyo unaipandisha nishati kwa uzembe. C₂ huru ni molekuli ngumu kwa DFT, basi njia ya pili iamini kidogo kuliko ya kwanza.

Mshindani mkubwa kuliko wote ni kabaidi ya titani yenyewe pamoja na grafiti. Ti₈C₁₂ kwenda TiC nane na kaboni nne ni mteremko mkali. Kizimba hiki kinaishi kwa sababu kiko peke yake ndani ya gesi, hakijakutana na wenzake. C₆₀, kizimba cha kaboni tupu, ilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1990, miaka mitano tu baada ya kuonekana. Met-Cars zimebaki zaidi ndani ya miali ya gesi. Anayekokotoa kizimba kipya cha metali na kaboni aweke na hesabu ya vizimba viwili vikigusana. Vikiungana bila kilima, unachokiita imara ni imara kwa upweke tu, na useme hivyo.

Vipimo vya kujilinganisha navyo vipo. Nishati ya kung'oa elektroni moja kutoka Ti₈C₁₂ ilipimwa kuwa karibu eV 4.4, kokotoa tofauti ya nishati kati ya kishada na ioni yake, kwanza kwa umbo lile lile, kisha ioni ikiwa imelegezwa. Mtetemo wa jozi za kaboni ulionekana karibu 1,400 cm⁻¹. Umbo lenye nishati ya chini lakini linalotoa eV 6 au mtetemo wa 1,800 linahitaji kuangaliwa upya, kuanzia spini.

Vizimba vya kaboni tupu vyenye metali ndani hufuata hesabu nyingine, nayo ni tulivu zaidi. Sc₃N@C₈₀ (alama @ maana yake skandi tatu na nitrojeni moja ziko ndani ya kizimba cha kaboni 80), iliyotangazwa mwaka 1999, ndiyo ya kujifunzia. Kizimba cha C₈₀ kinaweza kujengwa kwa njia 31,924, lakini zile ambazo pembetano hazigusani ni 7 tu. Ile yenye ulinganifu mkubwa kuliko zote, Ih, ikiwa tupu si imara. Kundi la Sc₃N linakipa kizimba elektroni sita, na kwa elektroni hizo sita Ih inakuwa ya kwanza. Kwa hiyo chujio ni rahisi: chukua vizimba 7 vitupu, vipe chaji ya −6, vilegeze vyote na uvipange. Amri ni xtb c80_07.xyz --opt --chrg -6, na kwa kaboni tupu xTB inafanya kazi nzuri. Obitali za juu zitatoka na nishati chanya kwa sababu ya chaji kubwa isiyo na kitu cha kuituliza. Kwa mpangilio haidhuru, kwa kuwa vizimba vyote vina chaji ile ile, lakini usizitumie kukadiria chochote kingine. Sheria ya pembetano kutogusana nayo si amri: Sc₃N@C₆₈ inaivunja, skandi zikikaa pale pale pembetano zinapogusana. Ukichuja kwa sheria hiyo peke yake utaikosa.

Ukishapata vizimba vitatu au vinne bora, weka Sc₃N ndani kwa mielekeo tofauti, angalau sita kwa kila kizimba, uende DFT. Kundi hilo la ndani huzunguka kwa urahisi na mitetemo yake ni ya chini sana. Ukiikokotoa entropi kwa kanuni ya kawaida, masafa ya 15 cm⁻¹ yatatoa entropi kubwa ya uongo na yanaweza kupindua mpangilio kwenye joto la Kelvin 1,500. Pandisha masafa yote yaliyo chini ya 100 cm⁻¹ hadi 100 kabla ya kujumlisha, fanya hivyo kwa vizimba vyote bila kubagua, na uandike kwenye jedwali kwamba umefanya.